Ukuta wa stesheni ya mbao umejikunja baada ya kupakwa rangi: nitaunusuruje, na kuta zilizobaki nizianzeje?

Msafiri wa Ziwani (Minneapolis) ameuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa treni za mfano, naomba mnisaidie kabla sijaharibu zaidi kazi niliyoianza kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, naishi Minneapolis huku Marekani, na tangu msimu wa baridi uliopita nimekuwa nikijenga meza ya treni katika chumba cha chini ya nyumba, kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, ambacho reli zake huwa na upana wa milimita 16.5. Reli zimekwisha kulazwa na treni inazunguka bila kuanguka, lakini haina pa kusimama, kwa kuwa sijajenga hata jengo moja.

Wazo la stesheni lilinijia siku nilipokwenda kuitazama Minnehaha Depot, stesheni ndogo ya mbao iliyojengwa mwaka 1875 karibu na maporomoko ya maji ya Minnehaha, hapa hapa mjini. Ni kijumba tu, lakini ukingo wa paa lake umejaa mbao zilizokatwa nakshi kama za vibaraza vya Mji Mkongwe, na watu wa reli wa zamani walikibandika jina la Princess. Sikupata seti ya stesheni ile yenyewe. Nilipata ya stesheni nyingine ya kijijini isiyo na jina, yenye kuta za mbao za kulaliana na chumba cha mizigo upande mmoja, iliyokatwa kwa leza kwenye mbao nyembamba za baswudi zenye unene wa milimita 1.6. Ukuta mrefu una sentimita 21 kwa 5.5, na nikizidisha kwa 87 napata jengo halisi la zaidi ya mita 18, ukubwa ambao si wa ajabu kwa stesheni ya kijiji.

Kosa langu ni hili. Karatasi ya maelekezo ilisema nipake rangi kabla ya kuunganisha, nami nikatii, ila haikusema nipake namna gani. Nikachukua rangi ya maji ya kawaida, ya manjano, nikaupaka ukuta mrefu upande wa nje kwa brashi pana, nikaulaza juu ya gazeti na kwenda kulala. Asubuhi nilikuta ukingo wa juu na wa chini umeinuka kuelekea upande wenye rangi, ukuta mzima umekuwa kama mfereji wa kukinga maji ya paa. Nilipoulaza juu ya kioo na kuupima, katikati palikuwa pameachana na rula kwa milimita 4. Isitoshe, ile mistari iliyochongwa na leza kuonyesha kila ubao unapolalia mwenzake imezibwa na rangi, na mahali pengine vinyweleo vya mbao vimesimama kama ndevu za siku mbili.

Kuta tatu zilizobaki sijazigusa. Ninachoomba kujua ni iwapo ukuta huu unaweza kunyooka au nitafute ubao mwingine niukate upya, na hizi kuta nyingine nizitendee kwa mpangilio gani: gundi kwanza au rangi kwanza? Ningependa pia jengo lionekane limetumika miaka mingi, si kama limetoka dukani leo, lakini hilo naona ni la baadaye.

Babu Randa (Tanga) amejibu:

Bwana Msafiri, usiutupe ukuta huo. Mimi si mtu wa treni ndogo, mjukuu wangu ndiye aliyeniingiza humu, lakini nimekuwa seremala kwa miaka zaidi ya 40 na ugonjwa ulioueleza ninaujua tangu nikiwa mwanagenzi. Mlango uliopakwa rangi upande mmoja tu hufanya hivyo hivyo, na meza iliyopigwa vanishi juu ikaachwa kavu chini hufanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mlango wa mninga hutumia miezi kujikunja na kibao chako cha milimita moja na nusu kimetumia usiku mmoja.

Ubao ni mkusanyiko wa nyuzi zilizolala upande mmoja, na nyuzi hizo zikinywa maji hunenepa kwa upana, si kwa urefu. Ulipopaka rangi ya maji, uso wa nje ulikunywa na kutanuka ilhali uso wa ndani ulibaki mkavu. Naamini kama ungekesha ungeuona ukuta ukipinda kwanza kuelekea upande usio na rangi. Baadaye maji yakakauka, ngozi ya rangi ikajivuta, na nyuzi za nje zilizokuwa zimebanwa zikasinyaa kupita zilivyokuwa mwanzo, ndipo kingo zikainukia upande wa rangi. Na kwa kuwa nyuzi zimelala kwa urefu wa ukuta, ukuta umejikunja kwa kimo chake, ukapata huo mfereji. Ongeza hapo kwamba nyumba zenu za baridi huwashwa joto mchana na usiku, hewa inakuwa kavu kama ya tanuri. Huku Tanga pwani tungekuwa na tatizo la kinyume.

Dawa yake ni kuufanyia uso wa ndani yale yale uliyoufanyia uso wa nje. Ondoa vinyweleo kwanza kwa msasa laini sana, wa namba 400 au zaidi, ukifuata nyuzi wala usizikate. Kisha paka ndani rangi ile ile, kwa wingi ule ule. Hapa usishtuke: dakika za kwanza ukuta utazidi kujikunja kuliko sasa, kwa sababu uso wa ndani nao unakunywa na kutanuka. Uache upumue hadi rangi isishike kidole, ulaze juu ya kioo, funika kwa karatasi ya kuokea mikate, weka kioo kingine juu, na juu ya kioo vitabu vizito au matofali. Uache siku mbili nzima, usiwe unachungulia. Ukitoa ukaona bado umebaki na milimita moja, hiyo si kitu, maana mbavu zitaimaliza.

Nikisema mbavu nina maana ya vijiti vya mraba vya milimita 3 kwa 3, vinavyogundishwa upande wa ndani vikikatiza nyuzi, yaani kwako vitasimama wima, kimoja kila baada ya sentimita 4 hivi, na lazima uvipange visipite mbele ya dirisha. Tumia gundi nyeupe ya mbao, lakini iwe chembe: ipake kwenye kijiti, ifute kwa kidole mpaka ibaki utando tu, ndipo ubandike. Gundi hiyo nayo ina maji, na fundi anayeimwaga anarudi kule kule alikotoka. Usisahau kuacha nafasi tupu kwenye ncha mbili za ukuta, sawa na unene wa ukuta utakaokutana nao, la sivyo siku ya kuunganisha kona utajikuta unabandua mbavu kwa patasi.

Kwa kuta zilizobaki, mimi ningezipiga mbavu kwanza, tena zote, halafu ndipo nifikirie rangi. Ubao uliofungwa hauna pa kwenda.

Dada wa Elbe (Hamburg) amejibu:

Babu Randa, shikamoo. Nakubaliana nawe juu ya maradhi na dawa ya ukuta ulioharibika, ila kwa hizo kuta tatu ambazo bado ni safi naomba nitofautiane nawe kidogo juu ya mpangilio, kwa sababu Bwana Msafiri ametaja jambo ambalo alidhani ni la baadaye ilhali ni la kwanza kabisa: anataka jengo la zamani.

Mbao iliyochakaa haipatikani kwa kupaka rangi ya kijivu juu ya rangi ya manjano. Hupatikana kwa kuufanya ubao wenyewe uwe wa kijivu kwanza, kisha rangi ikaja juu yake, kisha rangi ikaondolewa mahali ambapo jua na mvua zingeiondoa. Huo ukijivu tunautia kwa wino mweusi wa kuchorea, ule wenye masizi ya kaboni ambao wachoraji huuita wino wa India, uliochanganywa na spiriti ya dukani: vijiko viwili vya chai vya wino katika nusu lita ya spiriti. Usitumie wino wa kalamu, kwani huo hupauka kwa mwanga na tena hujitokeza kwenye rangi utakayopaka juu. Tatizo ni kwamba mchanganyiko huo huingia ndani ya mbao, na hauingii mahali palipoguswa na gundi. Tone la gundi likifika uso wa nje, hata ukilifuta likaonekana limetoka, ukipitisha wino litajitokeza kama doa jeupe ambalo hakuna namna ya kulificha. Mimi nilijifunza hivyo kwa ghala moja la mizigo lenye alama za vidole vyangu vitano kwenye ukuta wa mbele. Nimeligeuza likatazama ukutani na huko ndiko liliko hadi leo.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni wino kwanza, pande zote mbili kwa wakati mmoja, kila kitu kikiwa bado hakijaguswa na gundi: kuta, vijiti vya kona, hata zile mbavu za Babu. Nunua spiriti yenye maji machache kadiri unavyoweza. Huko kwenu huuzwa yenye asilimia 70 na yenye asilimia 91, na tofauti ya hizo mbili utaiona kwenye ubao wako, kwa kuwa spiriti hupaa kabla mbao haijapata muda wa kutanuka, lakini yale maji asilimia 30 hubaki. Pitisha brashi pana mara moja mbele, mara moja nyuma, ubane kati ya karatasi za kukaushia, weka kizito juu. Baada ya saa chache ndipo ufunge mbavu, na hapo Babu naye anapata haki yake kabla ya tone la kwanza la rangi.

Sasa rangi. Kosa la Bwana Msafiri halikuwa upande mmoja tu, ilikuwa pia unene. Fanya hesabu: tabaka la rangi lenye robo ya milimita, likizidishwa mara 87, linakuwa na unene wa zaidi ya sentimita 2. Hakuna reli duniani iliyowahi kupaka stesheni rangi nene kama matofali ya sakafu. Ndiyo maana mistari imezibika. Paka tabaka jembamba sana kwa brashi ambayo imekwisha kufutwa kwenye kitambaa hadi karibu ikauke, ukivuta kufuata urefu wa mbao, na usijaribu kufunika kila kitu. Panapobaki kijivu, paache. Hapo ndipo penye uzuri. Ukitaka rangi iliyobanduka, bandika utepe wa karatasi wenye gundi mara rangi inapokauka kwa kugusa na uing'oe kwa ghafla, kisha tazama kilichotoka. Kitatoka kwa mpangilio ambao mkono wako usingeweza kuubuni. Anzia chini, karibu na ardhi, na chini ya madirisha, kwa sababu ndiko maji hurukia na kuchirizika.

Kuhusu ukuta ulioharibika, ufanye uwe wa nyuma. Kila stesheni ina upande ambao abiria hawauoni, na hata kampuni za reli zenyewe ziliujali kidogo.

Nikumbuke pia kusema kwamba huku Ujerumani mtu anaweza kujenga miaka kumi asikutane na shida hii, maana nyumba nyingi za kampuni ya Faller na wenzao ni za plastiki, ambayo hainywi maji. Seti za mbao ni mazoea ya Wamarekani zaidi, nami nimezihamia kwa hiari, kwa kuwa plastiki ukiitaka ionekane mbao lazima uidanganye, lakini mbao ni mbao.

Karani wa Stesheni (Nairobi) amejibu:

Nimesoma yote na sina ugomvi na Babu wala na Dada. Nataka kuongeza mambo ya paa na ya rangi yenyewe, ambayo naona yamepitwa.

Mimi najenga Reli ya Uganda ya zamani, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Kwa kuwa reli yetu ilikuwa ya upana wa mita moja, nami natumia kipimo hicho hicho cha 1:87, reli zangu ni za milimita 12, zile zile wanazotumia wajenzi wa reli za milimani za Uswisi. Seti za stesheni zetu hazipo dukani, basi ninakata kila kitu mwenyewe kwa vijiti vya aiskrimu na vijiti vya kukorogea kahawa, na mabati natengeneza mezani.

Seti yako, Bwana Msafiri, bila shaka imekuja na vipande vya karatasi vya vigae vya mbao kwa paa kuu. Hivyo vitumie, vinapendeza, ila vipake rangi kabla ya kuvibandika na uanzie ukingo wa chini kwenda juu, kila mstari ukifunika wa chini yake. Kwa paa la chumba cha mizigo nakushauri uweke mabati. Bati la kawaida la mawimbi lina milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Gawanya kwa 87 unapata milimita 0.87. Nenda kwenye sanduku la vifaa utafute boliti ya M5, yaani yenye unene wa milimita 5, iliyotiwa meno mwili mzima: meno yake yana nafasi ya milimita 0.8, na ya M6 ni milimita 1. Moja kati ya hizo mbili itakutosha kabisa. Laza karatasi ya alumini ya jikoni, ile nene, juu ya kipande cha ngozi au cha mpira wa ndani wa tairi, kisha viringisha boliti juu yake ukikandamiza kwa viganja viwili, safari moja tu, kwenda bila kurudi. Utapata bati. Likate vipande vya upana wa milimita 8 hadi 9, ambavyo ni sawa na mabati ya sentimita 70 na kitu, na uvipandishe kimoja juu ya kingine kwa wimbi moja, kama fundi wa paa anavyofanya. Usipandishe kinyume na upepo, wazee watakucheka.

Usibandike mabati hayo moja kwa moja kwenye kenchi. Weka ubao mwembamba chini, uupake rangi nyeusi pande zote mbili, maana nao ni mbao na una tabia zile zile, na fishabodi, zile mbao za ukingo wa paa, uzigundishe mwisho ili zifunike ncha.

Juu ya rangi, kampuni nyingi za reli za Marekani zilikuwa na rangi zao mbili maalumu, moja ya kuta na nyingine ya fremu na kona, na mtu aliyekuwa akisafiri alitambua yuko kwenye reli ya nani kabla hajasoma kibao. Southern Pacific walitumia manjano yenye kona za kahawia. Burlington walitumia wekundu wa udongo. Kwa hiyo kabla ya kupaka kuta zako tatu, amua reli ni ya nani. Na rangi yoyote utakayoichagua ipunguze ukali kwa kuitia tone la nyeupe au la kijivu, kwa kuwa jengo dogo chini ya taa za chumbani hupokea mwanga mdogo kuliko jengo halisi chini ya jua, na rangi kali iliyotoka kwenye chupa hulifanya lionekane peremende.

Vumbi la mwisho mimi nalitengeneza kwa udongo mwekundu wa Voi, nauponda kwenye kinu cha viungo na kuuchuja kwa soksi ya nailoni mara tatu. Wewe huko usitumie udongo mwekundu, utatuletea Tsavo mpaka Minnesota. Kwangua chaki za kuchorea za kijivu na kahawia kwa wembe, upate unga, upake kwa brashi kavu.

Msafiri wa Ziwani ameandika tena:

Babu Randa, shikamoo. Dada na Bwana Karani, asanteni sana. Zimepita wiki mbili, narudi na habari.

Ukuta ulioharibika nimeupaka upande wa ndani kama alivyoagiza Babu. Ni kweli kwamba ulizidi kujikunja, tena kwa namna ambayo kama nisingeambiwa mapema ningeutupa palepale. Niliupima kwa uchokozi nikakuta umefika milimita 7. Baada ya saa moja ulikuwa umeanza kurudi wenyewe, nikaubana kati ya vioo viwili na matofali manne, na siku ya tatu nilipoutoa ulikuwa umebaki na upindo usiozidi unene wa kadi ya simu. Mbavu sita zikaumaliza. Sasa ni ukuta wa nyuma, na mistari iliyozibika nimeifungua kwa ncha butu ya sindano ya kushonea, ubao mmoja baada ya mwingine, jioni mbili nzima.

Kuta tatu nyingine nilifuata njia ya Dada: wino pande zote mbili, kizito, kisha mbavu, kisha rangi. Hazikupinda. Nilitumia spiriti ya asilimia 91. Rangi nimechagua wekundu wa udongo wa Burlington, kwa sababu mbili: inakaa vizuri juu ya ukijivu, na inanikumbusha majengo ya reli niliyoyaona utotoni. Utepe niliung'oa mara tatu tu, maana ya tatu ilitoka na kipande kikubwa kuliko nilichokusudia, pembeni mwa mlango wa mizigo, nami nikaona niache kabla mambo hayajaniharibikia. Mke wangu anasema pale ndipo panapofanana zaidi na ukweli.

Fremu za madirisha nilizipaka zikiwa bado kwenye ubao wake, kabla ya kuzikata, jambo ambalo hamkulisema lakini karatasi ya maelekezo ililisema na safari hii ilisema kweli. Kona nilizifunga kwa gundi nyeupe, nikitumia guni ndogo ya chuma kuhakikisha ziko wima, na sehemu za kukutania nilizikwangua rangi kwanza hadi nikaona mbao.

Shida mpya ni moja. Vioo vya madirisha, ambavyo ni karatasi angavu ya plastiki, nilivibandika kwa supaglu, nikaweka paa juu bila kuligundisha, nikaenda kazini. Niliporudi madirisha manne kati ya manane yalikuwa na ukungu mweupe kama ya chumba cha kuogea. Nimejaribu kuyafuta na hayafutiki. Pia nilipuliza vanishi isiyong'aa kwenye ukuta wa pembeni ili kushika unga wa chaki, unga karibu wote ukapotea, nikajaribu kuurudisha kwa kupitisha ule wino wa spiriti juu ya vanishi, na ukuta ukageuka mweupe kama umepakwa chokaa.

Dada wa Elbe amejibu:

Pole sana, ila yote mawili yanatibika.

Ukungu wa madirisha ni mvuke wa supaglu uliofungiwa ndani ya nyumba bila pa kutokea, ukatua kwenye plastiki. Ulipoweka paa ndipo ulipoyafukiza. Bandua vile vioo vinne, kata vingine vyenye ziada ya milimita 2 kila upande, na uvishikilie kwa chembe za gundi nyeupe kwenye pembe tu, ambayo ikikauka inakuwa angavu. Usivitupe vyote vilivyoharibika. Kimoja kiweke kwenye dirisha la chumba cha mizigo, kitaonekana kioo kichafu.

Weupe wa ukutani ni spiriti ilipokutana na vanishi ile. Puliza tabaka jembamba la vanishi hiyo hiyo juu yake, ukiwa nje au dirisha likiwa wazi, na weupe mwingi utaondoka. Kabla hujafanya hivyo lakini, utazame vizuri ukiwa mkavu: wengine wetu tunaufanya kwa makusudi ili kupata mbao iliyopauka kwa jua, na huenda ukaupenda ulivyo. Siku nyingine tia unga mwingi kupita unaoutaka, upulize vanishi kutoka mbali, kisha rudia unga juu na usipulize tena.

Babu Randa amejibu:

Marahaba, mwanangu. Hizo mbavu sita nimezipenda. Lakini umesema paa umeliweka tu bila kuligundisha, nami nakushauri uliache hivyo hivyo. Gundisha vijiti viwili chini ya paa viingie kwa ndani ya kuta kama kifuniko cha sanduku, vikikaa bila kubana sana, kwa sababu msimu wa joto ukifika na hewa ikawa na unyevu, paa litatanuka kidogo na litataka nafasi. Tena siku utakapotaka kutia taa ndani, au meza ya karani na benchi la abiria, hutalazimika kubomoa.

Msafiri wa Ziwani ameandika tena:

Nimebandua vioo, vipya vinakauka. Ukuta mweupe nimeuacha kama ulivyo, unatazama kusini. Boliti ya M5 nimeipata kwenye baiskeli ya mtoto, naomba asiiulizie hadi Jumamosi.